Gari Lililokunywa Maji Yake

Kihesa, Iringa, 4 Januari 1955

Leo nimekaa mbali na kwetu Rungwe miaka thelathini na minane na miezi mitano. Nahesabu tangu Agosti 1916, tulipofika Iringa na mizigo ya jeshi la Waingereza vichwani, mimi na kaka yangu Yotamu. Yotamu alishikwa na homa hapa na hakuinuka tena. Nilimzika mwenyewe, ng'ambo ya mto, nikiwa na miaka kumi na tisa. Sikuwa na moyo wa kurudi peke yangu kumwambia mama. Nikasema nitarudi mwaka unaofuata, nikiwa na kitu mkononi. Mwaka uliofuata ukawa shule ya misheni, kisha ualimu, kisha mke Mhehe ambaye sasa ni marehemu, kisha mtoto. Mama alifariki mwaka 1929 bila kuniona.

Sasa nina kitu mkononi. Tuna pikapu ya mwaka 1947, ya kijani iliyopauka, tuliyoinunua mwaka juzi kwa mlowezi wa tumbaku aliyekuwa akihama. Mwanangu Asukile ndiye dereva. Mara tatu kwa juma inakwenda Ilula kuchukua nyanya na vitunguu kwa ajili ya soko la mjini. Katika kopo la chai nimeweka shilingi mia sita na arobaini. Hiyo ni nyumba yangu ya Rungwe. Dada yangu Alinanuswe ameniandikia kwa mkono wa mwanafunzi kwamba kiwanja kipo, migomba imeshapandwa, na anayengojewa ni mimi tu. Barabara ikikauka mwezi wa sita, pikapu itatupeleka sote, na mwanangu ataendelea na kazi yake ya kubeba mazao huko huko.

Nimeanza daftari hili ili niandike masika yangu ya mwisho Iringa.

6 Januari

Mvua tangu alfajiri. Asukile alizungusha hendeli mara kumi na moja ndipo injini ikawaka.

Tunavyowasha gari kila asubuhi ni hivi. Asukile anasimama mbele na hendeli. Mimi nakaa ndani, mguu kwenye mafuta. Mke wake, Damari, yuko nyuma, tayari kuondoa jiwe tunaloliweka kwenye gurudumu kwa sababu ya mteremko wa uani. Gari likiwaka, mimi nashuka bila kugeuka nyuma na kumwachia Asukile usukani, naye Damari anapanda nyuma kati ya matenga.

Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake, wala hasemi naye, wala halitaji jina lake. Damari alilelewa hivyo. Alinanuswe ndiye aliyemchagua, na alipofika hapa miaka miwili iliyopita alikuja na adabu yote ya Rungwe. Akinisikia nakohoa, anajifunika kanga na kuacha njia. Kanisani tukiimba wimbo unaomtaja Abrahamu, ambalo ndilo jina langu, yeye hunyamaza pale, kisha huendelea. Wachungaji waliikataza desturi hii zamani, na mimi mwenyewe niliwahi kuisema vibaya darasani. Jirani zetu Wahehe wanacheka. Lakini sikumwambia aache. Kila akipita pembeni ya ua na kanga yake kichwani, naona kama Rungwe imeingia nyumbani kwangu. Hata kioo cha pembeni cha pikapu nimekigeuza kitazame juu, nisije nikauona uso wake kwa bahati mbaya.

9 Januari

Mvua. Nyanya nzuri.

15 Januari

Gari limechemsha kwenye kilima cha Ipogolo, tukitoka Ilula tumejaza. Mvuke ulitoka chini ya boneti, Asukile akasimamisha. Tulingoja nusu saa, tukajaza maji ya mtoni kwa debe, tukafika mjini taratibu.

Tulikwenda moja kwa moja gereji kwa Bipin. Bipin ni Mhindu wa Kathiawar, kule India, amekaa Iringa miaka ishirini na minne, na tukiachana na habari za spana tunaongea habari za kwao na za kwetu. Alizunguka mbele ya gari, akaangalia rejeta, akapitisha kidole. Akasema imetoboka mahali pawili, padogo. Akapachomelea. Shilingi kumi na nane.

Asukile alinung'unika njia nzima kwamba tundu la ukubwa wa punje ya ulezi haliwezi kumaliza maji yote yale. Nikamwambia fundi ndiye anayejua.

20 Januari

Halikuchemsha.

29 Januari

Limechemsha tena, pale pale Ipogolo. Safari hii Bipin amesema ni pampu ya maji. Ni kweli ilikuwa imelegea, niliitikisa kwa mkono wangu. Pampu nyingine imetoka Dodoma na basi, shilingi hamsini na tano. Hiyo ni mlango na madirisha mawili ya nyumba ya Rungwe.

Wakati wa kungoja, mke wa Bipin, Hansa, alituletea chai yenye tangawizi. Nilimuuliza Bipin kama aliwahi kurudi kwao. Akasema alirudi mara moja, mwaka 1949, akakaa miezi miwili.

"Watu walinikaribisha vizuri sana, Mwalimu," akasema. "Kila siku walinikaribisha. Siku ya sitini bado walikuwa wananikaribisha."

Akarudi chini ya gari.

5 Februari

Mvua siku nne mfululizo. Barabara ya Ilula imekatika kwenye korongo. Nimesoma, nimelala, nimesoma.

Barua ya Alinanuswe. Anauliza kama nakumbuka njia ya kwenda kisimani nyuma ya kwa babu. Naikumbuka jiwe kwa jiwe. Nilimwandikia ukurasa mzima juu ya njia ile.

12 Februari

Maji yanapungua na hatujui yanakwenda wapi. Tukijaza jioni, asubuhi yamepungua vidole vitatu. Chini ya gari pakavu. Nililaza magunia makavu chini ya injini, na asubuhi yalikuwa makavu vile vile.

Bipin ametoa thamostati, kile kidude kinachoongoza joto la maji, na kubadilisha mipira miwili ya maji. Shilingi kumi na mbili. Alipofungua boneti, injini ilikuwa na moto kama kawaida, maana kutoka Kihesa hadi gereji kwake ni mwendo wa kutosha. Alisikiliza kwa sikio, akaangalia mafuta kwenye kijiti, akanusa. Mafuta yalikuwa safi. Akasema kweli hajui, na kwamba kama hili halitasaidia, injini imechoka mwilini na itabidi kutafuta nyingine Dar es Salaam. Injini iliyofungwa upya ni shilingi mia tisa.

Asukile akapandisha hasira. Akamwambia Bipin kwamba yeye anajaribu kifaa kimoja kimoja kwa mfuko wetu, na akimaliza vifaa atajaribu viatu vyetu. Bipin hakukasirika. Alijibu kwamba viatu vya Asukile haviwezi kuingia kwenye gari lolote analolijua. Watu wa gereji wakacheka, Asukile naye akacheka kwa shingo upande.

Mimi naandika hapa kwamba nimeanza kumtilia Bipin shaka. Miaka yote hii nimemwita rafiki. Rafiki asingechukua pesa ya pampu bila uhakika.

21 Februari

Halikuchemsha. Tunaendesha kama watu wanaobeba mayai.

2 Machi



Tulitoka Ilula saa nne, tumejaza matenga ishirini na mawili, Damari akiwa juu yake. Mvua ilikuwa imekatika, jua kali. Tulipovuka daraja la Ipogolo na kuanza kupanda, nilisikia injini inabadilika sauti, ikawa nzito. Mshale wa moto ulikwisha kupita mwisho. Asukile akasimamisha kando, akashuka, akafungua boneti. Nilimwambia asubiri. Alikuwa amechoka kusubiri. Tangu Januari tumesubiri. Akachukua tambara, akashika kifuniko cha rejeta, akazungusha.

Maji yalipaa juu kuliko kichwa chake. Yalimchoma mkono wa kulia wote, na kifua, na upande wa shingo. Alianguka chini.

Damari alishuka nyuma kwa kuruka. Alikuja mbio hadi mbele, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili tulikuwa mahali pamoja, uso kwa uso, juu ya mtu mmoja. Nikageuza uso wangu. Naandika hili kwa sababu nimejiahidi kuandika kweli: mwanangu yuko chini anaungua, nami nikageuza uso. Yeye pia akajifunika. Akamwagia mumewe maji ya kibuyu chake huku ametazama pembeni, na mimi nikamshika miguu huku nimetazama pembeni upande mwingine. Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli alituona, na nadhani alitufikiria wendawazimu.

Lori la mahindi lilimpeleka Asukile hospitali. Damari alikwenda naye. Mimi nilibaki na gari hadi jioni, watu wa Ipogolo wakanisaidia kulisukuma kando. Nyanya tuliziuza pale pale barabarani kwa bei ya kutupa.

3 Machi

Daktari anasema ataishi na mkono wake, lakini wiki tano au sita asiushikie kitu.

6 Machi

Bipin alilivuta gari hadi uani kwangu, bila malipo. Alikwenda hospitali kumwona Asukile na kumpelekea machungwa. Asukile alimpokea vizuri. Mimi nilimsalimia tu.

8 Machi

Watu wa Ilula wametuma ujumbe: vitunguu vyetu vinaoza kwao, tunakuja au hatuji?

Sina dereva. Mimi naweza kuendesha, nilifundishwa na Mzungu wa shule mwaka 1938, lakini naendesha gari zima, siwezi kuendesha gari linalochemsha. Didas, mfanyabiashara wa Makambako anayenunua magari mabovu, amesikia. Amesema atapita Ijumaa. Ametaja shilingi mia nne na hamsini. Tulilinunua elfu moja na mia nane.

Nimepiga hesabu usiku kucha bila karatasi. Nikichukua mia nne na hamsini nikaongeza na kilichobaki kwenye kopo, naweza kupanda basi mwenyewe Juni, nikajenga chumba kimoja Rungwe. Asukile na Damari watabaki hapa bila kazi. Nikinunua injini nyingine, kopo linaisha, hata halitoshi, na sitakwenda popote.

11 Machi

Leo imekuwa siku ndefu, nitaiandika yote.

Didas alikuja saa mbili na mtu wake mmoja na fedha kwenye mkoba wa ngozi. Ni mtu mnene, mcheshi, anayependa kupiga bati la gari kwa kiganja kama anayepima ng'ombe. Alipiga boneti, akapiga mlango.

"Mzee, injini hii maiti," akasema. "Mimi nanunua mabati na magurudumu. Injini nakubebea bure, nikuondolee msiba."

Nilisema mia tano. Akasema mia nne na hamsini, na chai nimpe mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya pikapu.

"Tata."

Hivyo ndivyo tunavyomwita baba kwetu. Nilidhani anamwita mtu mwingine, ingawa pale uani hapakuwa na mtu mwingine wa kuitwa hivyo. Damari alikuwa amesimama nyuma ya gari, kanga imefunika kichwa na mdomo, gari zima likiwa kati yetu. Niliona vidole vyake tu, vimeshika ubao wa nyuma.

"Tata, unisamehe. Usiuze. Gari hii inakunywa maji yake."

Didas alianza kucheka. Nikamwinulia mkono anyamaze.

Nikamuuliza Damari ana maana gani. Sauti yangu niliisikia ngeni, maana sikuwahi kumuuliza kitu. Akasema kila asubuhi, Asukile anapozungusha hendeli na injini kuanza, bomba la moshi linatoa moshi mweupe, mzito, wenye maji. Matone yanaanguka kwenye miguu yake anapoondoa jiwe. Ametia kidole akaonja: hayana ladha ya mafuta, yana ladha ya kutu, kama maji ya rejeta. Baada ya muda mfupi gari likipata moto, moshi ule unakwisha, hauonekani tena siku nzima.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Ulimwambia mumeo?"

"Nilimwambia. Akasema ni umande. Nikamwambia mara ya pili, akasema baridi ya Iringa inamfanya kila mtu atoe moshi."

Nikasema, na najuta namna nilivyosema, kwa sauti ya mwalimu anayemkaripia mtoto: "Na mimi, kwa nini hukuniambia?"

Vidole vyake vilibana ubao.

"Ningekuambiaje, Tata?"

Didas mwenyewe alitazama viatu vyake. Nilimwambia anipe siku mbili. Akasema siku mbili ni bei nyingine, akaongeza kwa mtu wake, bila kunong'ona sana, kwamba leo ameona mkwe anamfundisha baba mkwe injini na atakwenda kuisimulia Makambako. Akaondoka.

Nilikaa ndani ya pikapu peke yangu. Nilishika kile kioo cha pembeni na kukirudisha kilivyokuwa kimetengenezwa kukaa. Kikanionyesha bomba la moshi, wazi kabisa. Miezi mitatu kila asubuhi nilikuwa nimekaa pale pale, na kama kioo kingekuwa mahali pake ningeuona moshi ule kabla ya Damari. Nilikigeuza kwa mkono wangu nikaiita adabu. Mbele ya gari tulisimama wanaume wote, mwanangu, fundi na mimi, tukitazama rejeta, na mtu pekee aliyesimama mahali pa kuona tulikuwa tumemfunga mdomo. Hapana, niandike sawasawa. Asukile alimpuuza kama vijana wanavyowapuuza wake zao. Aliyemfunga mdomo ni mimi. Nilijua desturi ile inamlemea. Niliiacha imlemee kwa sababu ilinipendeza.

Jioni nilikwenda kwa Bipin, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza gari limelala baridi tangu lini. Nikasema tangu alipolivuta, na jana nililijaza maji. Akasema lisiguswe, atakuja asubuhi.

12 Machi

Bipin alifika kabla jua halijapanda, amevaa sweta juu ya shati safi. Aliniomba nisiwashe. Akafungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti. Akaniambia sasa zungusha hendeli, taratibu. Nikazungusha. Kwenye tundu la tatu maji yalitoka kama mtu anayetema, yakampiga Bipin kwenye sweta na kidevuni.

Alisimama hivyo hivyo, maji yakimtiririka, akaanza kucheka. Alinieleza: gasketi ya hedi, kile kizibo chembamba kilicho chini ya kichwa cha injini, imekatika kati ya silinda ya tatu na njia ya maji. Injini ikiwa na moto, chuma kinavimba na kuziba ufa. Ikipoa usiku, maji yanaingia kidogo kidogo ndani ya silinda, asubuhi yanatoka kwa bomba la moshi, na mtu anaondoka na rejeta isiyojaa. Kilima kinamaliza kilichobaki. "Gari yako kila siku inakuja kwangu na moto," akasema. "Mimi sikuiona baridi hata siku moja. Ningekuja kwako asubuhi, ningejua."

Kisha akauliza nani aliona. Nikamwambia. Akazunguka hadi nyuma ya gari ambako Damari alikuwa amesimama, akainamisha kichwa mbele yake, akamwambia yeye ameshika spana miaka ishirini na minne na miaka yote amesimama mbele ya gari.

Damari akasema ndaga, ambayo ni asante ya kwetu, kwa sauti ndogo sana.

Nikamwita. Nilimwambia maneno niliyoyapanga usiku: kwamba mimi, baba yake, namwondolea mzigo ule. Asijifunike kwa ajili yangu, asiache njia, anitazame, anisemeshe, akiona moshi aseme. Kama kuna kosa, liwe juu yangu. Alishusha kanga hadi mabegani. Alitazama kwanza miguu yangu, kisha mikono, kisha uso, na nikamtazama. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Miaka miwili tumeishi katika ua mmoja, na sikulijua.

15 Machi

Hedi imetolewa. Imepinda kidogo. Bipin anaisaga.

19 Machi

Gasketi shilingi ishirini na mbili, kusaga hedi shilingi thelathini. Kazi yake hakutaka kulipwa. Nilimwambia pia kwamba niliwahi kumtilia shaka. Akasema alijua, kwa sababu nilikuwa nimeacha kumaliza chai.

22 Machi

Tumekwenda Ilula. Asukile bado ana bandeji, kwa hiyo mimi ndiye niliyeendesha na Damari ndiye aliyezungusha hendeli. Anaizungusha vizuri kuliko mumewe. Iliwaka mara ya tatu. Nikamwambia akae mbele. Alikaa karibu na mlango, amebana magoti. Tulipovuka daraja la Ipogolo na kuanza kupanda upande wa pili, akasema, "Tata, gia." Nilikuwa nimesahau kubadilisha.

Wanawake wa Ilula walisimama kututazama. Mmoja akamuuliza Damari kama huyu mzee ni dereva aliyemwajiri. Akajibu kwamba ndiye, lakini bado anamfundisha. Walicheka hadi wakaketi kwenye matenga. Nilicheka nami.

Tulipopanda Ipogolo kurudi, mshale haukufika nusu.

3 Aprili

Asukile amerudi kutoka hospitali. Aliomba msamaha kwa mkewe mbele yangu, kwa habari ya umande. Damari akamwambia baridi ya Iringa inamfanya kila mtu aseme mambo.

17 Aprili

Mvua zinapungua. Safari kumi na moja, halikuchemsha.

8 Mei

Kopo limejaa tena karibu kama Januari. Barabara ya Mbeya imefunguka. Asukile amepaka mafuta springi zote na kuuliza tutaondoka tarehe ngapi. Nikamwambia tungoje barua ya Alinanuswe.

26 Mei

Barua imefika. Alinanuswe amepata habari. Kuna wanawake wa kwetu waliopita Ilula wakaniona na mke wa mwanangu tumekaa bega kwa bega ndani ya gari. Hakunitukana, dada yangu hana tabia hiyo. Ameandika kwamba mambo kama haya hutokea ugenini na yanarekebishika. Nikifika, tutachinja ng'ombe, wazee watasema maneno, na Damari atarudi mahali pake. Watu watasahau. Migomba imeshika vizuri.

Niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea Damari, kwa sababu inamhusu. Alikuwa anachambua vitunguu. Aliendelea kuchambua hadi nilipomaliza.

"Tukienda nitafanya, Tata," akasema. "Nitajifunika. Nyumbani ni kwako, umengojea siku nyingi. Nitafanya kwa ajili yako, wala sitahesabu."

Nilijua anasema kweli. Angefanya, bila kinyongo, na mimi ningezeeka vizuri kule, kati ya migomba, nikiheshimiwa na kila mtu, na kila siku angeacha njia nikikohoa.

28 Mei

Sikuandika kitu jana. Nilikwenda ng'ambo ya mto, kwa Yotamu, nikang'oa majani. Nikatembea kwa kichwa ile njia ya kisimani nyuma ya kwa babu, hadi mwisho. Naweza kuitembea hivyo siku yoyote.

2 Juni

Asubuhi kavu, baridi, bila wingu. Pikapu imewaka mara ya pili. Damari alikwenda nyuma, akachuchumaa, akatazama bomba la moshi, akarudi akasema, "Pakavu." Wameondoka na Asukile kwenda Ilula.

Nimekaa mezani nikamwandikia Alinanuswe. Nimemwambia yote, tangu rejeta hadi gasketi, na kilichotokea Ipogolo mwanangu alipokuwa chini anaungua. Nimemwambia migomba ni yake, ale. Nimetia ndani ya bahasha nauli ya basi, kuja na kurudi, ingawa ya kurudi anaweza kuitumia atakavyo. Fedha ya kopo nimewapa mafundi wa matofali. Wanaanza Jumatatu chumba cha pili upande wa mashariki, chenye dirisha kubwa, kwa sababu dada yangu alipenda jua la asubuhi tangu utotoni. Akifika, Damari atampokea stendi, nami nitakuwa kando yake.

Mimi Rungwe sitarudi.